Lori Lililofungiwa Mtaani

Mitaa mingi ya Tabata ilipimwa, kama kweli ilipimwa, na watu waliodhani kwamba gari kubwa kuliko yote litakalopita humo ni pikapu ya kuhamishia makabati. Ndiyo maana jirani yetu mpya, dereva wa safari za Tunduma, alipopanga chumba na sebule katika mtaa wetu na kuanza kulaza semitrela yenye kontena la futi 40 mbele ya dirisha langu, mwanzoni hatukuelewa amewezaje kukata kona. Tulielewa tulipomsikia akiikata. Alikwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, huku utingo wake akigonga bodi na kupaza sauti, "Njoo, njoo, njoo, hapo hapo!", saa nane za usiku, na kazi ilipokwisha breki za upepo zikapumua kwa kishindo kilichowaamsha watoto wachanga wa nyumba tatu, nao wakaitikiana mpaka adhana ya alfajiri.

Mtu mwenyewe, tuseme kweli, alikuwa muungwana. Alirudi safari na mchele wa Kyela au viazi vya Makambako akawagawia majirani, hivyo kila aliyekwenda kwake kulalamika alirudi na sado mkononi na hoja ikiwa imeyeyuka. Mimi nilikwenda na hasira, nikarudi na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni.

Lori lenyewe ndilo halikuwa na uungwana. Lilivunja matawi ya mwarobaini wa pekee uliokuwa ukitupa kivuli, likabomoa ukingo wa mtaro, likadondosha oili mahali ambapo watoto walikuwa wakicheza mdako. Utingo naye alikuwa na desturi ya kuanika soksi zake kwenye kioo cha pembeni, ambacho kilikuwa usawa mmoja na dirisha la sebule yangu, kwa hiyo mgeni wangu yeyote aliyetaka kuburudika kwa kutazama nje alitazamana na soksi.

Mjumbe wa shina akaitisha kikao Jumapili. Kwa kuwa mwarobaini ulikuwa umekwisha nyolewa, kivuli pekee kilichobaki kilikuwa cha lori lile lile, na hapo ndipo tulipopanga viti tukajadili namna ya kuliondoa, chini ya maandishi ya mlango wake wa nyuma yaliyosomeka "Waache Waseme". Dereva mwenyewe alikuwa ndani amelala. Mama muuza vitumbua, aliyehamishia jiko lake katika kivuli hicho, alihudhuria kama mpinzani rasmi na kuuza vitumbua kwa pande zote mbili.

Mimi nikiwa katibu niliandika muhtasari, na nina hakika na yaliyosemwa. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alisimama na nakala ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, akatueleza kwamba gari linaloziba njia ni jambo la kupelekwa polisi, kwamba barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na kwamba hakuna raia anayeruhusiwa kuchimba wala kusimika kitu barabarani bila kibali. Maelezo yake yalipokelewa kwa shukrani na kuwekwa kando. Kikao kikaazimia kwamba mdomoni mwa mtaa zisimikwe nguzo mbili za bomba la chuma lililojazwa zege, zikiachiana nafasi ya kupita gari dogo tu, kwamba kila nyumba ichange shilingi 10,000, na kwamba kazi ifanyike mara lori litakapoondoka. Mhazini, kijana mwenye bidii, akaanza kupita mlango kwa mlango jioni ile ile na kitabu cha stakabadhi.

Alhamisi asubuhi lori likaondoka. Fundi akaambiwa aje Ijumaa alfajiri.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba nyaraka za mzigo zilikuwa hazijakamilika, na dereva akarudi kulala nyumbani usiku ule ule. Zaidi ya hayo, mama muuza vitumbua alikuwa amekwisha kumnong'oneza kwamba majirani wanachukizwa na kelele zake. Kwa adabu yake aliingia taratibu, utingo akamwelekeza kwa tochi bila kutamka neno, wakapita nyumba zetu zote na kwenda kuegesha kule mwisho, nyuma ya kona, kwenye kiwanja kisichojengwa. Usiku huo watoto walilala fofofo, nasi tukaichukulia amani hiyo kuwa ushahidi kwamba lori liko Mikumi.

Fundi alifika saa kumi alfajiri akachimba mashimo yanayomfika mtu kiunoni, akakoroga zege la moja kwa mbili kwa tatu, akatia na dawa ya kukausha haraka ambayo hatukumwomba, na lililobaki akalisambaza chini, kutoka nguzo hadi nguzo, ili lisipotee bure. Alituambia kwamba nguzo zile watazikuta wajukuu.

Jumamosi asubuhi tulikusanyika kuzizindua. Mjumbe alikuwa katikati ya hotuba, amefika mahali pa kuwashukuru wananchi kwa mshikamano wao, honi ikapigwa. Ilipigwa nyuma yetu, kwa ndani. Tuligeuka wote kwa pamoja, tukaliona lori likija polepole kutoka konani na mzigo wake kamili, likasimama hatua chache kutoka kwenye nguzo, limenasa kama changu ndani ya dema.

Dereva akashuka. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akazizunguka nguzo, akaigonga moja kwa kiganja cha mkono, kisha akauliza kwa upole mkubwa, "Sasa mjumbe, mimi natokea wapi?"

"Nilisema," alisema mstaafu wa reli, na hakusema lingine siku nzima.

Simu ya dereva ilianza kuita, na tajiri wake alikuwa na sauti isiyohitaji spika. Mjumbe akajikaza akatoa pendekezo kwamba, kwa kuwa lori ndilo chanzo cha yote, dereva abebe nusu ya gharama za kuondoa nguzo. Dereva akatoa pochi, na katika pochi akatoa stakabadhi iliyokunjwa vizuri: shilingi 10,000, mchango wa usalama wa barabara ya mtaa, sahihi ya mhazini. Mhazini akajitetea kwamba azimio lilisema kila nyumba, na nyumba ya dereva ni nyumba. Kitabu kilipofunguliwa ilibainika kwamba dereva alikuwa wa kwanza kulipa, na kwamba kwenye mstari wa nyumba ya mjumbe palikuwa na neno "ameahidi".

Kwa hiyo mchangiaji hakuweza kutozwa tena. Fundi akaitwa, akataja bei ya kuvunja iliyozidi ya kujenga, akieleza bila haya kwamba zege lake halikukorogwa kwa nia ya kuvunjwa. Hatimaye nguzo zikakatwa usawa wa ardhi kwa grinda iliyovutiwa umeme kutoka saluni, na jua lilipokaribia kuzama lori likatoka, utingo akipunga mkono.

Lile zege la chini limebaki. Hapo mdomoni mwa mtaa palikuwa pakituama maji kila masika, magari mazito yakiogopa kuzama, na sasa pamekuwa pagumu na pasafi kuliko barabara kuu yenyewe. Dereva wetu, kwa uungwana wake, amewasimulia wenzake, na wiki hii yameongezeka malori mawili. Fundi bado anatudai fedha za grinda, lakini mhazini anasema tusiwe na wasiwasi, kwani amekwisha kuwapitia madereva wote wawili wapya na kitabu chake cha stakabadhi, nao wamelipa papo hapo.