Kuficha uso peke yake hakutoshi

Wahariri, mmeandika kwamba redio na televisheni zikumbushwe kuwalinda watoto. Naunga mkono kabisa. Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya 2013 tayari imeweka viwango vya chini ambavyo kila mtangazaji lazima avifikie. Kinachoniuma ni hiki: jioni moja hapa Kampala nimekaa dukani na binti yangu wa miaka tisa, televisheni ikaonyesha mtoto aliyenajisiwa. Uso wameufifisha, lakini sare ya shule inaonekana, mama yake anahojiwa waziwazi, na kijiji kimetajwa. Nani pale kijijini hatamjua? Binti yangu akaniuliza, "Baba, kesho atarudije shule?" Nilikosa jibu. Wahariri, tafadhalini, ficheni na sare, na mama, na kijiji.