Mazoezi yanaupa ubongo kasi, au ujanja?

Penalti hupigwa kutoka meta 11. Mpira ukienda kwa kilomita 100 kwa saa, unafika golini ndani ya sekunde 0.4 hivi. Mtu wa kawaida hutumia takriban sekunde 0.2 kuona kitu na kuanza tu kusogeza mkono, na kipa bado ana mwili mzima wa kuurusha. Muda hautoshi. Mbona basi penalti hupanguliwa?

Jibu la haraka ni kwamba mazoezi yameubadilisha ubongo wake, na wanaosema hivyo hawabahatishi. Mwaka 1995, watafiti walioongozwa na Thomas Elbert nchini Ujerumani walipima ubongo wa wapiga ala za nyuzi. Eneo linalopokea hisia za vidole vya mkono wa kushoto, vile vinavyobonyeza nyuzi, lilikuwa pana kuliko la watu wasiopiga ala, hasa kwa walioanza wakiwa wadogo. Mkono wa kulia, ambao kazi yake ni kushika upinde, haukuwa na tofauti hiyo. Ingekuwa kipaji cha kuzaliwa tu, kingebagua mkono?

Ila mabadiliko hayo yana uchoyo. Mwaka 1991, Avi Karni na Dov Sagi waliwazoeza watu kutambua mchoro mdogo wa vistari uliojificha kati ya vistari vingine. Siku baada ya siku wakawa wepesi. Mchoro ulipohamishiwa upande mwingine wa upeo wa macho, wakaanza upya kama wageni. Mwaka 2010, Adrian Owen na wenzake waliwafuatilia watu zaidi ya 11,000 waliocheza michezo ya kunoa ubongo kwa wiki 6: waliimarika kwenye michezo ile ile, basi. Wauzaji wa programu hizo hawapendi kuikumbuka habari hii.

Kwa haki, lazima niwataje pia Shawn Green na Daphne Bavelier. Mwaka 2003 walionyesha kwamba saa 10 tu za mchezo wa video wa mapigano ziliongeza umakini wa macho hata kwenye majaribio yasiyofanana na mchezo wenyewe. Kwa hiyo ukuta una nyufa.

Mimi naegemea kwa wenye shaka, hasa kuhusu kasi. Ishara za neva zina mwendo wake na mazoezi hayawezi kuufuta. Ndiyo maana katika riadha anayeondoka chini ya sekunde 0.1 baada ya mlio huhesabiwa kuwa amewahi. Kinachopungua sana ni muda wa kuamua. Kipa mzoefu hausubiri mpira: anasoma nyonga ya mpigaji na mguu uliokita chini, anaanza safari mapema, nasi tunauita wepesi.

Jaribu kwa rula. Rafiki aishike wima juu ya vidole vyako, aiachie bila kukuambia, nawe uidake. Ikikuponyoka sentimita 20 kabla hujaidaka, umetumia sekunde 0.2. Rudia mara 30, sentimita zitapungua. Kisha mwambie afunike mkono wake kwa karatasi, ubaki unaona ncha ya chini tu. Sentimita zikipanda tena, ulikuwa unasoma vidole vyake.