Ameitikia "marahaba", basi mnasema anajifanya!

Nenda kamjulie hali mgonjwa ambaye kiharusi kimemvurugia lugha (afasia), iwe Mafinga au Uyole, hukosi mtu wa kunong'ona mlangoni: "Huyu mzee anajifanya." Ushahidi? Ameitikia "marahaba", amehesabu hadi kumi, amesali Baba Yetu bila kukwama. Akiulizwa anataka nini: "maji... eee... uji". Hukumu imeshatoka, hata kikao cha ukoo hakikuitwa.

Salamu na sala zimekaririwa. Hutoka zikiwa nzima. Yule mgonjwa wa Paul Broca, daktari Mfaransa, aliyefariki karibu na Paris mwaka 1861, alibaki na neno "tan" tu, na bado akikasirika tusi lilimtoka.

Kilichoharibika ni kuunda na kufumbua sentensi, na Kiswahili hapo hakina huruma. "Asha anamsukuma Juma." "Asha anasukumwa na Juma." Majina yaleyale, yamekaa palepale; kilichogeuza mambo ni -m- kutoka, -w- kuingia, na kale ka "na". Mpeni picha mbili, moja Asha anasukuma, nyingine Juma anasukuma. Zipangeni juu na chini, si kulia na kushoto, maana baadhi yao hawaoni vizuri upande wa kulia. Msomeeni sentensi moja, aguse picha inayolingana nayo, kwa mkono wa kushoto ikiwa wa kulia umelegea. Fanyeni walau mara 20 mkibadilisha sentensi, kwa sababu kubahatisha tu kunampa nusu. Na msiitazame picha sahihi. Atayafuata macho yenu.

Tafadhali, si "Mahindi yameliwa na mbuzi"! Mahindi hayali mbuzi. Atapatia bila kuigusa sarufi, nanyi mtatoka mkitangaza kwamba anaelewa kila kitu. Watafiti Caramazza na Zurif walilionyesha hilo kwa Kiingereza mwaka 1976: tofaa analokula mvulana halikuwasumbua wagonjwa, mvulana anayefukuzwa na msichana aliwachanganya.

Haya, wanaosema "mzee anajua" nawapa nusu. Mwaka 1983 mtafiti Linebarger na wenzake walikuta wagonjwa wa aina hii wakizitambua sentensi mbovu, ingawa kufumbua nani kamtenda nani kuliwashinda. Mwambieni "mtoto kimelala" muone kama hatakunja uso.

Wanaopima kwa kuhesabu viambishi vilivyodondoka, kama kwa Kiingereza, nao wanachekesha. Kwa Kiingereza ukidondosha kiambishi linabaki neno. Kwetu "-lal-" tupu haitamkwi na mtu, mzima wala mgonjwa. Tazameni kiambishi gani kimekaa mahali pa kingine. Na kama ni Mhehe, mjaribuni kwa Kihehe pia, mbali na ile salamu yenu ya "kamwene".

Halafu acheni kumpigia kelele. Masikio yake ni mazima.