Posh si kifupisho, jamani

Ile video ya "je, wajua?" imerudi tena kwenye magrupu. Eti neno la Kiingereza posh, yaani ya kishua, ni herufi nne za "Port Out, Starboard Home" (kushoto kwenda, kulia kurudi) zilizogongwa kwenye tiketi za meli za P&O, kampuni ya meli ya Uingereza: kwenda India unalala ubavu wa kushoto, kurudi wa kulia, kivulini, na wenye hela ndio walioweza kulipia. Jamaa anasimulia kwa uhakika kama vile tiketi alikata yeye.

Haya, ionyesheni. Haijawahi kupatikana hata moja. Neno lenyewe, kama kivumishi, linaonekana kwenye maandishi mwaka 1914. Septemba 1918 jarida la Punch likachapa katuni: kijana ofisa wa jeshi la anga anatumia posh, mama yake anauliza ndiyo nini hiyo, anajibiwa kuwa ni lugha ya mtaani. Meli haitajwi. Habari ya kifupisho inajitokeza 1935, wakati Mfereji wa Suez, njia ya meli hizo kwenda India, umefunguliwa tangu 1869. Siri nzito kweli hiyo.

Sasa kivuli. Abiria walichagua vyumba kwa kuangalia jua, hilo nawapa. Lakini kwenye Bahari ya Shamu meli inashuka kusini-mashariki, kwa hiyo kushoto kunapigwa na jua la asubuhi, kulia la jioni. Ukitoka Aden kwenda Bombay mwezi Juni, jua la mchana liko kaskazini yako, yaani kushoto, huko huko tunakoambiwa ni kivulini! Na upepo je? Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa: msimu huo ni kusi, na meli inayoelekea mashariki inaupokea kwa ubavu wa kulia. Tajiri gani alipe zaidi akose upepo?

Tunadanganyika kirahisi kwa sababu tumezoea UKIMWI na TAKUKURU. Kiingereza nacho kina radar, lakini hiyo ni ya 1940. Neno la zamani ukiambiwa ni kifupisho, anza kwa kushuku.

Dhana yenye nguvu kidogo ni ya Kiromani, lugha ya wale wanaoitwa Wajipsi: posh ni nusu, ikawa nusu peni, ikawa hela kwenye lugha ya mitaani ya Kiingereza karne ya 19, kisha mtanashati, kisha kivumishi. Hata hiyo haijathibitishwa, ndiyo maana kamusi makini zinaandika tu kwamba asili haijulikani.