Mkandaji ndiye anayeuona mguu kwanza

Wifi yangu alijifungua kwa upasuaji, akarudi nyumbani Tanga kulala arobaini kama tulivyolelewa. Siku ya tisa mguu wa kushoto ukaanza kuvimba, kutoka shavu la mguu hadi pajani. Mama akasema ni baridi ya uzazi. Jirani akasema kakanyaga kitu. Bibi mkandaji akaongeza maji ya moto na kuukandamiza asubuhi na jioni. Nilikuwepo, sikusema neno. Siku ya kumi na mbili pumzi zikamkatika.

Yu hai, alhamdulillahi. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa vena wa paja, kipande kikabanduka, kikapita moyoni na kukwama kwenye mapafu.

Tangu hapo nimesikia watu wengi wakiilaumu arobaini, na mimi sikubaliani nao. Mwili wa mzazi hujiandaa kuzuia asivuje damu, kwa hiyo damu yake huganda upesi, na wiki sita baada ya kujifungua ni za hatari hata kuliko ujauzito wenyewe. Upasuaji huongeza hatari, na kulala bila kutembea nako huongeza. Wiki sita ni siku 42, karibu sawasawa na arobaini ya wazee wetu. Sasa niambieni, katika siku hizo ni nani anayeyaona mapaja ya mzazi kila siku? Nesi alishamruhusu. Mume hayupo chumbani. Ni mkandaji peke yake. Basi huyo ndiye aitwe kwenye semina, afundishwe, aheshimiwe.

Cha kumfundisha si kingi. Miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya uzazi ni kawaida. Mmoja ukivimba peke yake, ukauma, ukapata moto, hapo pana jambo. Achukue futi ya fundi cherehani, apime mashavu ya miguu yote miwili mahali pamoja. Tofauti ikifika sentimita 2 au 3, asikande tena, mzazi apelekwe hospitali yenye ultrasaundi siku hiyohiyo. Hata tofauti ikiwa ndogo, maumivu ya paja au kinena yasipuuzwe. Kipimo chenyewe cha ultrasaundi hakiumizi sana: daktari hubonyeza mshipa kwa kile kifaa, mzima hulala bapa, wenye bonge la damu hugoma. Majibu yakiwa safi lakini uvimbe unaendelea, kirudiwe ndani ya wiki.

Matibabu nayo yana mitego yake. Wifi alianza na sindano za heparini chini ya ngozi ya tumbo, kisha vidonge vya warfarini, zote dawa za kuzuia damu isigande, damu ikipimwa mara kwa mara ili kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kikae kati ya 2 na 3. Baada ya wiki mbili akaviacha kimyakimya. Aliambiwa vinaharibu maziwa! Si kweli, mama anayetumia warfarini hunyonyesha. Mjamzito ndiye anayeepushwa nayo, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni, yeye huendelea na heparini.

Halafu hili jina la "dawa ya kuyeyusha damu" tunaloziita dawa hizi linatupotosha. Mguu ukipungua mtu hudhani bonge limeshayeyuka, anaacha. Dawa hizi huzuia bonge lisikue, mwili wenyewe ndio unaolimaliza, taratibu, na ndiyo maana matibabu huchukua miezi 3 au zaidi. Mchicha na kisamvu asiache, ale kwa kiasi kilekile alichozoea, kwa maana vikizidi ghafla vinaipunguza nguvu warfarini. Na akienda kliniki ya uzazi wa mpango aseme historia yake, vidonge vyenye homoni ya estrojeni havimfai.

Bibi mkandaji alilia alipopata habari. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku: mzazi mwingine, mtaa wa pili, mguu wa kushoto umeuzidi mwenzake sentimita 4.

"Sijaugusa, mwanangu," akasema. "Bajaji ipo mlangoni."