Vyama vya bustani vijitoe chama cha taifa? Hesabu ya ada haijakamilika

Katika mikutano mikuu ya vyama vya bustani nchini Uingereza kuna hoja isiyokwisha: tuendelee kulipia uanachama wa National Allotment Society, chama cha taifa chenye ofisi Corby, au tujitoe? Wanaohusika ni wapangaji wa ngwe za bustani, vipande vya ardhi vya takriban mita za mraba 250 kwa kipimo cha asili, ambavyo halmashauri huwakodisha wakazi walime mboga na matunda ya kula nyumbani. Maeneo mengi huendeshwa na chama cha wapangaji wenyewe. Chama cha taifa huviunganisha vyama hivyo, kwa ada ya pauni chache kwa kila mwanachama kwa mwaka.

Wanaotaka kujitoa hawasemi upuuzi. Tuchukulie ada ni pauni 3 kwa kichwa. Eneo lenye ngwe 40 litatoa pauni 120. Orodha ya wanaosubiri ikirefuka, kamati huanza kugawa ngwe nusu kwa nusu kila mpangaji anapoondoka. Baada ya miaka kadhaa wapangaji ni 80. Ardhi ni ileile, jumla ya kodi ni ileile, bomba la maji ni lilelile, lakini ada imefika pauni 240. Kamati iliyowafungulia mlango watu wengi zaidi ndiyo inayolipa zaidi. Bima ya madhara kwa watu wengine, ambayo halmashauri huidai kabla ya kutia saini mkataba wa pango, inapatikana kwa mawakala wengine. Mbegu za bei nafuu, faida nyingine ya uanachama, zimejaa mtandaoni. Msomaji wa Tanzania aliyekaa kwenye mkutano wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, siku ya kujadili makato ya chama kikuu atazitambua hoja hizi neno kwa neno.

Silaha yao kubwa, hata hivyo, ni takwimu moja. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ngwe za Bustani ya 1925 kinaizuia halmashauri kuuza ardhi iliyonunuliwa au kutengwa rasmi kwa ajili ya ngwe, au kuibadilisha matumizi, bila ridhaa ya waziri. Kati ya 2007 na 2014 yalipelekwa maombi 198, na 194 yakakubaliwa. Ni maombi 98 katika kila 100. Agosti 2025, iliporipotiwa kwamba serikali imeridhia kuuzwa kwa maeneo 8 tangu uchaguzi wa 2024, hoja ilirudi kwa nguvu: huo ulinzi uko wapi, na chama cha taifa kinalinda nini?

Takwimu hiyo ni ya kweli, ila inabebeshwa mzigo usio wake. Inahesabu maombi yaliyofika mezani kwa waziri. Haihesabu halmashauri iliyosoma masharti, ikaona haitayatimiza, ikaacha. Haihesabu ile iliyotaka kuuza eneo zima ikaishia kuomba kona yenye magugu. Wala haitenganishi eneo lililopotea moja kwa moja na lile ambalo wapangaji wake walihamishiwa jingine, na tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu sheria inataka wanaoondolewa wapatiwe ardhi mbadala ya kutosha isipokuwa kama haihitajiki au haiwezekani. Mwongozo wa wizara unaongeza kwamba kwa kawaida ardhi hiyo iwe ndani ya robo tatu ya maili, kama kilomita 1.2, kutoka waliko wenye uhitaji. Ombi likishakamilika kiasi hicho, kukubaliwa kwake si ajabu. Vita halisi hupiganwa kabla ya bahasha kwenda London, na huko ndiko chama cha eneo huwa peke yake kama hakina wa kukishika mkono.

Tuangalie kinachofanyika huko. Swali la kwanza ni kama ardhi inaguswa na kifungu cha 8 kabisa. Eneo linaweza kuwa limelimwa miaka 70 na bado likawa la muda tu machoni pa sheria, kwa kuwa halmashauri ililinunua kwa ajili ya makaburi au shule ya baadaye. Ardhi ambayo halmashauri yenyewe imeikodi kwa mtu binafsi pia haiingii. Kuthibitisha hadhi ya ardhi kunahitaji kupata hati kutoka masjala ya ardhi, kujua mwaka wa ununuzi, kisha kuiomba halmashauri kumbukumbu za vikao vya mwaka huo na kutafuta azimio linalotaja ngwe za bustani. Mtu anayeifanya kazi hii kwa mara ya kwanza hupoteza miezi, na notisi ikishafika miezi hiyo haipo. Ofisi inayoshughulika na mambo hayo kila wiki inajua pa kuanzia.

Notisi nazo zina mitego. Kwa kawaida halmashauri inayomtoa mpangaji hutakiwa kumpa notisi ya miezi 12 au zaidi, na notisi hiyo iishe tarehe 6 Aprili au kabla yake, au tarehe 29 Septemba au baada yake. Sababu ni mazao: mtu asifukuzwe viazi vikiwa ardhini. Notisi inayoishia Julai ina kasoro, lakini mpangaji asiyejua atafungasha majembe aondoke. Kwa kodi iliyochelewa siku 40 utaratibu ni mwingine, mwezi mmoja unatosha, na kuchanganya hayo mawili ni kosa ambalo hata kamati hulifanya zinapowaondoa wanachama wao.

Farm Terrace, eneo la ngwe za bustani huko Watford, hutajwa na pande zote mbili. Waziri aliridhia mara tatu. Mara mbili za kwanza uamuzi ulianguka baada ya wapangaji kwenda mahakamani, wakichangisha fedha kwa umma. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaukubali wa tatu. Wapo wanaoona hapo ushahidi kwamba watu hujipigania wenyewe. Ni kweli walipigana, kwa ushujaa. Lakini wapangaji wangapi wanaweza kubeba kesi kwa zaidi ya miaka mitatu?

Ujerumani walilimaliza suala hili kwa sheria. Tangu 1983 pango la kati la ardhi ya bustani, yaani la anayekodi eneo zima ili awapangishe wakulima, hupewa jumuiya ya wakulima wa bustani inayotambuliwa kuwa si ya faida, au manispaa, basi. Na kodi ina kikomo cha mara 4 ya ile inayolipwa na wakulima wa biashara wa matunda na mboga mahali hapo. Uingereza uanachama ni hiari, kwa hiyo chama cha taifa kina wajibu wa kushawishi, na hapa lawama fulani inakistahili. Faida zake za kujiunga hutangazwa kwa mbegu na bima, vitu ambavyo mshindani yeyote anaweza kuviuza, huku kazi yake ya thamani zaidi ikibaki bila kuonekana.

Kujitoa ni kosa, lakini ada ibadilishwe. Ikitozwa kwa ukubwa wa ardhi inayolimwa, tuseme kwa kila mita za mraba 250, eneo la ngwe 40 litalipa sawa likiwa na wapangaji 40 au 80, na kugawa ngwe hakutakuwa hasara tena. Na fomu ya kila mwaka ya kuhuisha uanachama iulize mambo manne: ngwe ngapi zinalimwa, ngapi ziko wazi, wangapi wanasubiri, na ardhi ni ya kudumu au ya muda. Swali la tatu ni la lazima kuliko yote. Idadi ya wanaosubiri ni miongoni mwa mambo ambayo waziri huyaangalia, na kwenye maeneo yanayojiendesha orodha hukaa kwenye daftari la katibu, si halmashauri. Katibu akifariki au akihama na daftari lake, halmashauri inaweza kuandika kwamba hakuna anayesubiri, na hakutakuwa na karatasi ya kuipinga. Nakala ya tarehe 31 Desemba iliyohifadhiwa Corby ingeipinga.