Fungua Kitabu Uone Utakavyoitwa

Ukitaka kujua nyumba yako ina watu wangapi, fungua kitabu. Ukijilaza kwenye kochi ukatazama dari, hakuna mwenye shida na wewe. Gusa ukurasa tu: mmoja kapoteza soksi, mwingine kakwama kwenye hesabu za sehemu, wa tatu anaomba ruhusa ya kwenda kwa jirani, na mama watoto anauliza, "Kwani leo huna kazi?" Bibi akiwa amekuja kutoka Magu ndiyo kabisa. Anakutazama kwa huruma: "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "mtihani ni lini?" Mtu mzima ashike kitabu bila mtihani wala ibada, huyo ana lake jambo.

Hesabu yenyewe haina ugomvi. Ukurasa wa riwaya ya kawaida, ukisoma bila pupa, ni kama dakika 2. Kurasa 10 ni dakika 20, na kitabu cha kurasa 220 unakimaliza kwa siku 22. Hiyo ni hesabu ya mtu anayeishi peke yake kisiwani. Nyumbani, kila ukiitwa, ukirudi inabidi urudie nusu ukurasa ili ujue nani alikuwa anamtukana nani. Ukiitwa mara sita, kurasa 10 zimebaki 7, na hapo muda wa kutafuta soksi haumo. Sasa shika kile kitabu cha mzee wetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, kinachozidi kurasa 600: kwa mwendo huo ni karibu miezi mitatu. Wala usilalamike. Mzee alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akasubiri mpaka 1980 ndipo kikatoka kwa Kiswahili. Miaka 35! Wewe unashindwa kusubiri mtoto amalize kuoga.

Watakushauri usome usiku watoto wakilala. Hao hawakai Mwanza. Siku za giza la mwezi, wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao kwa sababu dagaa anafuata mwanga, na vijidudu vya ziwani navyo vinaibuka kwa mawingu siku hizo hizo, vinatafuta taa ya kwako. Dawa yake: dirisha la upande wa ziwa lifungwe kabla jua halijazama, taa kali iwashwe barazani iwe chambo, na wewe ndani ubaki na kataa kadogo ka kuchaji kanakomulika ukurasa peke yake. Kidudu kikitua kwenye mstari, kipulize. Ukikifuta kwa kidole umeongeza mkato ambao mwandishi hakuuweka. Mwezi ukijaa, wavuvi wanapumzika na vijidudu vinapungua, lakini mbalamwezi hiyo hiyo inawaweka watoto nje mpaka saa nne wakipiga kelele chini ya dirisha lako. Na wakinyamaza, unasinzia wewe.

Muda wa maana uko jikoni, ila ujue chakula gani kinasomeka. Ugali hausomeki, mkono mzima ni wa mwiko. Dagaa wa kukaanga ndiyo usijaribu: sentensi moja ndefu, wamekuwa mkaa. Sato kwenye mafuta anarusha, na tone likigusa karatasi linapenya kurasa tatu, kitabu kinanuka mwaloni, kule wanakoshusha samaki, maisha yake yote. Wali unasomeka. Maji yakikauka, ukapunguza moto, ukafunika na kuweka makaa machache juu ya mfuniko, una dakika 15 mpaka 20 ambazo hata hutakiwi kuugusa. Hizo ni kurasa 8 za halali, na ukiitwa unajibu, "Napalia wali!"

Mfalme wao ni maharage. Makavu, yasiyolowekwa, kwenye jiko la mkaa ni saa moja na nusu kwenda mbili. Kinachoharibu ni utamu wa kitabu. Usingoje harufu, harufu ikikufikia yameshashika chini. Sikiliza sufuria: mbubujiko mwepesi ukigeuka kuwa mguno mzito, maji yameisha. Kila ukimaliza kurasa 8, funua uongeze maji ya moto. Ukimwagia ya baridi mchemko unakatika, unasubiri upya. Kwangu mimi hilo la kusubiri upya si hasara, lakini wenye njaa wana maoni yao.

Safarini nako kuna mambo. Daladala ya Buhongwa mjini, sahau. Macho yanasema tumetulia kwenye ukurasa, sikio la ndani linasema gari linayumba, ubongo unashindwa kuamua, tumbo ndilo linalotoa hukumu. Zamani ukienda Sengerema, foleni ya kivuko pale Kigongo ilikupa sura mbili nzima. Juni 2025 wakafungua daraja, kama kilomita 3 juu ya maji, dakika chache uko Busisi, ng'ambo. Nchi imeendelea, msomaji kabakiwa na kivuko cha Kamanga. Huko kaa mbali na injini, upande usio na upepo, maana upepo wa ziwa unafunua kurasa bila kuuliza umefika wapi.

Alama ya ukurasa usiiamini. Mtoto wa miaka miwili anaichomoa na kuirudisha anapopenda yeye. Weka nukta ya penseli pembeni ya aya uliyoishia. Kile kikaratasi kitumie kuandikia majina ya wahusika: huyu shangazi wa yule, yule kamkimbia huyu. Ukikaa wiki bila kusoma, hicho ndicho kinakuokoa usianze upya. Kwenye simu, zima data kwanza, na kimbia faili za PDF zilizopigwa picha. Unaburuta mstari kushoto kulia mpaka kidole kichoke. Tafuta faili za aina ya EPUB, herufi unakuza na mistari inajipanga yenyewe.

Hatari ya mwisho ni mwenza kunogewa na kitabu hicho hicho. Nukta zenu ziwe za rangi mbili, na mezani kuwe na sheria. Bila sheria ni hivi:

"Maskini, kumbe anakufa."

"Nani?"

"Ah, hujafika hapo? Basi. Nipitishie mboga."